Nakala ya Tatu

Kila barua tuliiandika mara tatu,
kwa merikebu tatu, kwa njia tatu,
maana bahari haina adabu na adui ana darubini.
Husemwa barua ni nusu ya kuonana;
basi yetu ilikuwa nusu iliyokatwa vipande vitatu,
na kila kipande kikaombewa dua peke yake.

Mkoba wa nahodha ulishonewa risasi pembeni,
ratili nne,
ili meli ikitekwa maneno yazame kabla ya kusomwa.
Zilitoka chungu kimoja na risasi za bunduki,
na mama alinung'unika kwamba zote mbili
zimeumaliza mfereji wa paa lake.

Tulikuwa Lancaster, tumeikimbia Filadelfia
na kabati moja, viti vitano, na muhuri.
Kamati ilikutana juu ya duka la mshona kofia.
Baba alikuwa karani mpaka vidole vikamfa ganzi;
nikaiokota kalamu mimi, Mehitabel, miaka kumi na tisa,
na hakuna aliyeuliza kwa nini mwandiko wa taifa
umeanza kuinamia kushoto.

Bwana Ashcombe alisema, mimi niligeuza kuwa namba.
Mfalme wa Ufaransa ni 51. Baruti ni 88.
Mkopo ni 140, na mkopo mwingine ni 141.
Uhuru ni 17; tuliutumia kila ukurasa,
huku kuni zikiingizwa na Quash,
ambaye Bwana Ashcombe alimrithi pamoja na saa ya ukutani.
Quash hakuwa na namba.
Aliitazama karatasi, akautazama moto,
akachochea moto.

Januari ile kaka yangu Elnathan aliandika kutoka kambini:
wanafunga miguu kwa matambara ya hema,
na walinzi wa zamu husimama juu ya kofia zao
wasije wakakanyaga theluji.
Bwana Ashcombe akatembea toka dirishani hadi mlangoni.
"Mwandikie Penhallow huko Nantes. Mablanketi elfu nne.
Mwambie kuna baridi."
Nikapekua kitabu. Njaa ilikuwamo, 62.
Usaliti ulikuwamo, na heshima, na karamu, na shehena ya tumbaku.
Baridi haikuwamo.
Waliokitunga walikitunga mwezi wa Julai.

Nakala ya kwanza niliiandika neno hilo herufi kwa herufi.
Ya pili vilevile, wino ukiganda kwenye ncha ya kalamu.
Ya tatu, saa nane za usiku, nilichoka.
Kitabu kinaishia 300. Nikaandika 301,
nikadhani yeyote mwenye ngozi ataelewa.

Ya kwanza ilizama na risasi zake.
Ya pili ilisomwa London, na watu waliokaa karibu na moto.
Ya tatu ilifika.

Jibu lilitufikia Juni, limelowa chumvi, lakiri imepasuka.
Penhallow ameonana na waziri wa 51 mara mbili;
mara ya pili alipewa kiti.
140 imekubaliwa. 141 inafikiriwa.
Mablanketi ameyaona ghalani, mazito, ya buluu,
na atayapakia mara tu tutakapomfafanulia jambo moja,
maana hathubutu kutoa senti ya umma gizani:
*301 ni nini? Nimekesha nayo. Ni jina la jenerali?
Ni mji ulioanguka? Na kama ni siri kubwa kiasi hicho,
mbona mimi sikupewa ufunguo wake?*

Bwana Ashcombe alinitazama, jasho likimchuruzika chini ya wigi.
Nzi alikuwa akitembea juu ya ramani, Boston hadi Savannah.
Habari za Elnathan zilitufikia tangu Machi,
kwa nakala moja tu, na hiyo haikuzama.

"Mjibu," akasema.

Nikachukua karatasi tatu, nikazipiga mistari.
*301, Bwana, ilikuwa baridi.
Imekwisha kupita.
Tafadhali iongeze kwenye kitabu chako;
tutaihitaji tena Novemba.*