Herufi ya Kumi na Saba

Mama hakuwa mhandisi. Alikuwa mpima maziwa wa bonde,
mwanamke wa buti za mpira na chupa arobaini za sampuli
katika gari lililonuka maziwa machachu hata Jumapili.
Kila shamba mara mbili: jioni, kisha alfajiri yake.
Wales, mwaka themanini na nane, mvua.

Ofisi ikampa kijidude kizito kama kipande cha sabuni ya kufulia,
vitufe vimepangwa A, B, C, D
kana kwamba wapima maziwa wote ni wa darasa la kwanza.
Kioo chake: mishororo miwili, herufi kumi na sita kila mmoja.
Ubeti wa mtu bahili.

"Kimekuja bila akili," alisema, akikigeuza kando ya siagi.
"Akili nitakitilia mwenyewe."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilisoma maelekezo kwa sauti,
yeye akabonyeza kwa kidole kimoja,
kile chenye kovu la seng'enge.
Tukajifunza kwamba jina ni ndoo:
ukiliita KILO, lina sifuri hadi ulimiminie kitu.
Kwamba kitanzi humzungukia ng'ombe mmoja mmoja,
na usipokiambia pa kukomea
kitakamua zizi tupu mpaka betri iishe.
Kilifanya hivyo. Usiku kucha ndani ya droo kiliuliza
NG'OMBE GANI?
NG'OMBE GANI?
Asubuhi tukakikuta kimezimia,
na kazi ya siku tatu imekwenda nacho.

Tukajifunza kufuta, yaani kutofuta.
Kile kidonge cha kumbukumbu, ukubwa wa kiberiti, hakikusahau.
Ulichokifuta kilifichwa tu, na nafasi yake ikabaki imekaliwa
hadi ukipeleke mjini, kwenye sanduku la mwanga wa urujuani,
kikarudi cheupe kama shuka.
"Maziwa yakimwagika hayazoleki," Mama alisema,
"ila haya kumbe huanikwa."

Sasa Idwal wa Blaen-nant.
Huyu hakutaka Kiingereza zizini mwake:
ng'ombe wakikisikia, alidai, maziwa yanapungua.
Basi Mama akakifundisha kijidude Kiwelisi,
tena kwa hesabu ya zamani, ile ya Idwal,
ambayo kumi na sita ni moja juu ya kumi na tano
na kumi na nane ni tisa mbili.
Wiki sita. Chai ikapoa, sufuria ikaungua,
Baba akala mkate mkavu bila kuuliza.

Yote yakaenda sawa hadi kumi na tisa.
Nne juu ya kumi na tano. *Pedair ar bymtheg.*
Kioo kikasema
PEDAIR AR BYMTHE
na G ikaanguka pembeni, mahali pasipo na sakafu.

Mama akahesabu kwa vidole, nafasi na zote: kumi na sita.
Akarudia. Kumi na sita.
"Mashine inadanganya."
Nikahesabu mimi: kumi na saba.
Tukatazamana kama watu waliogawana chenji vibaya.

Ni ile TH. Kwetu ni herufi moja,
ina kitanda chake katika alfabeti, baada ya T.
Mashine iliona watoto wawili
na ikamfungia mlango wa nyuma yao.

Hakusema kitu. Alizima taa ya jikoni, akaiwasha tena.
Kisha akaandika sharti moja, mstari mmoja:
ikifika kumi na tisa, usihesabu. Mwite jina.

Alfajiri, Idwal akainamia kioo, pua karibu kukigusa.
MWYNEN, kilisema.
"Kinamjua!" akanong'ona, akavua kofia.

Mwynen alikufa majira ya baridi yaliyofuata, homa ya maziwa.
Idwal akanunua mtamba mwekundu huko Llandovery,
akamfunga pale pale, wa kumi na tisa,
akamwita Mwynen,
ili mashine isionekane mwongo.

Na wa baada yake pia.