Stika

Saa kumi alfajiri Fuso linashusha Ilala
matenga sitini na mawili, yamefunikwa majani ya mgomba,
na baridi ya Soni bado imo ndani:
ukiingiza mkono, unautoa kama uliochovywa kisimani.
Dakika ishirini hivi. Kisha Januari ya Dar inapata habari,
na kila tunda linaanza kutoka jasho.

Shuleni tuliandika *tufaa*.
Sokoni ukisema tufaa utauziwa tabasamu.
Hapa ni epo, na epo ni lile lenye stika,
jekundu, limepakwa nta, limepanda meli,
halina kovu, halina jani kwenye kikonyo,
limelingana na mwenzake kama askari wa gwaride.

Yangu ni ya Shekigenda.
Madogo, shavu moja la kijani, lile lisiloona jua,
mengine yana chapa ya mvua ya mawe ya Novemba.
Ukiling'ata linaalika kama kuni kavu.
Lakini nani Dar anang'ata kabla ya kununua?

Nilimtembelea mara moja, mwezi wa saba.
Nikamkuta juu ya ngazi, na wanawe wawili chini,
wakiuvua mti majani, moja moja, kwa mikono.
"Mti huu kwao kuna theluji," akasema.
"Usipolala hauchanui, na baridi yetu ni ya kitoto.
Basi tunauvua nguo. Unadhani majira yamefika,
unasinzia, kisha unaamka na maua."
Nikacheka: "Unaudanganya."
Akashuka kipandio kimoja.
"Naubembeleza."

Safari hii mzigo ulilala siku tatu.
Wanapita, wanauliza, "Haya ya wapi?"
Ukijibu Lushoto wanashusha bei kabla hujataja yako,
kana kwamba mlima ulio karibu haukustahili nauli.
Ushuru haungoji. Vile vijinzi vidogo havingoji.
Ndipo akapita Kipande, muuza mifuko na kamba,
akafunua fulana, karatasi imelala tumboni:
stika mia mbili, herufi za dhahabu,
nchi ambayo sijui hata iko upande gani.
Elfu sita.
"Mama Sikudhani, epo bila stika
ni mtu bila kitambulisho."

Usiku, kwa taa ya kuchaji, mimi na binti yangu
tukapangusa, tukabandika.
Gundi ikanikaza kidole gumba.
Hatukuzungumza. Alicheka mara moja tu,
alipojibandika moja kwenye paji la uso
na kuniuliza, "Mimi sasa bei gani?"

Kufika saa nne asubuhi matenga yalikuwa matupu.
Mama mmoja wa Upanga alinusa, akafumba macho:
"Haya ndiyo maepo. Siyo yale ya kwetu."
Nikamhesabia chenji.

Saa nane Shekigenda akapiga. Nyuma yake kuku, na upepo.
"Yameisha?"
"Yameisha."
"Kwa bei ile ile?"
Pangaboi la duka la jirani likazunguka, likazunguka.
"Yalipendwa," nikasema.

Nikamtumia kwa simu haki yake na nusu ya ziada.
Nusu nyingine, sitaficha, nililipia kodi ya meza.
Haikupita robo saa, simu ikatetemeka:
laki moja na ishirini, imetoka kwake.
Kisha ujumbe, bila nukta wala mkato:

*dada umekosea umezidisha hesabu nadhani ni joto la huko
watoto wanasalimia mwezi wa saba njoo utusaidie majani*

Makato ya kwenda na kurudi yalikula elfu tatu.
Stika zimebaki kumi na moja.
Sijazitupa. Zimo kwenye daftari la madeni,
ukurasa wa S,
zimeanza kunata na jina lake.