Inchi ya Hamsini

Futi yangu ya kushonea ina inchi sitini.
Leo asubuhi, kibandani Kiboriloni,
nimebana kidole kwenye hamsini
nikatazama kilichobaki:
kinatosha mkono wa shati la mtoto.

Miaka yote nimepima watu,
nikawaongopea mabibi harusi viuno vyao.
Mimi sikuwahi kujipima.

Ndeshi kaleta keki. Isubiri.
Nakata kwanza kitenge cha marehemu mama,
gauni langu, mifuko miwili:
wa funguo,
na wa fomu ya leseni ya pikipiki.
Upindo nauacha mpana,
kama wa sare ya darasa la kwanza.

Mlima umejifunika. Na ujifunike, sina safari nao.
Mimi nakwenda Himo kufuata vitambaa,
naendesha mwenyewe,
breki nitazijulia njiani.