Mbuzi Asiyelia

Chilongani alinunua mbuzi wa simuni
kwa laki mbili na kumi, siku ya mnada wa Msalato,
wakati mbuzi wa kweli, mwenye ndevu na hasira,
alikuwa akiuzwa hatua ishirini kutoka aliposimama.

Mbuzi wake alikuwa na namba, na cheti,
na jina kwenye blokicheni lisilofutika.
"Huyu ni wangu. Hata serikali haimgusi."
Nikamuuliza: anafanya nini?
"Anapanda."
Anapanda wapi, mlimani?
"Bei, mjomba. Bei."

Basi kila alfajiri pale Nkuhungu, kabla ya chai,
alibonyeza mara tatu, akangoja, akahesabu sarafu.
Hakucheka. Wala hakutukana kwa kushindwa.
Nimeona walinzi wa benki wakikesha langoni kwa furaha zaidi.
Kwenye kundi lao la mtandaoni, watu elfu tisa
walitumiana vijiroketi usiku na mchana,
na hakuna hata mmoja aliyeandika: jana nimelala saa nane
kwa utamu.

Kipupwe kilipoingia na vumbi kuanza kufunga macho,
sarafu ilishuka hadi bei ya kiberiti.
Elfu tisa wakaondoka kama nzige waliomaliza shamba.
Mbuzi yumo bado. Halii, hali, hafi.
Daftari halidanganyi: ni wa Chilongani milele,
na hakuna anayemtaka, Chilongani akiwemo.

Sasa sikia ya Sechelela wa chumba cha pili,
fundi wa simu zilizopasuka vioo.
Ametunga kimchezo: unaswaga mbuzi saba
uwavushe reli kabla treni haijapita.
Wa nne ni mkaidi,
hugeuka nyuma kutafuna kaptula ya mchungaji.
Watoto wa uani wanashindwa, wanazomeana,
wananyang'anyana simu, "Moja tu! Ya mwisho!"
na ya mwisho huwa ya kumi na moja.
Chilongani akamshauri awaandikishe blokicheni.
"Labda," akajibu, bisibisi mdomoni,
"ila kwanza wapendwe."

Jana umeme ulikatika. Nikatoka kutafuta upepo,
nikamkuta Chilongani kaegemea ukuta, uso buluu kwa mwanga,
mlenda umepoa sahanini, nzi wameshiba.
Treni ikawagonga wote saba.
Akacheka mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Umelipwa ngapi?" nikamtania.

Hakunisikia.
Alikuwa anaanza upya.