Kifutio

Aliiweka mezani imefungwa kanga mbili,
kama ndizi za kuvundikwa,
akasema: Haiwaki.
Nje ya kibanda, barabara ya Kiboriloni ilikuwa imelowa
na Mlima haukuonekana tangu Jumapili.

Nikamuuliza ninayowauliza wote.
Ilianguka? Hapana.
Ilimwagikiwa chai? Watoto? Hapana, hana mtoto nyumbani.
Umeme ulikatika ukarudi kwa fujo?
Hapo Mama Aikande akatazama taa ya dari yangu.
"Kwani kwako haukatiki?"

Chaja nzima; kipimo kinasoma kumi na tisa.
Kitaa cha ubavuni kinawaka.
Nabonyeza. Feni inavuta pumzi moja,
kioo kinabaki cheusi kama kitako cha sufuria,
kisha milio: mmoja mrefu, miwili mifupi.
Kimya.
Tena: mmoja mrefu, miwili mifupi.
"Inasema nini?"
Inasema haikumbuki kitu.

Nikachomoa betri, nikashikilia kitufe
nikihesabu hadi thelathini,
naye akihesabu pamoja nami, chinichini, kwa Kichagga,
akanitangulia kwa mbili.
Wapi.

Skurubu kumi. Ya kumi na moja haikuwepo kabla yangu,
namwambia mapema, maana watu husahau,
wakakumbuka wakishafika nyumbani.
Chini ya mfuniko: vumbi jekundu la Kidia,
sisimizi watatu waliokauka,
na ganda la kahawa, jembamba kama ukucha wa kichanga,
limejikunja pale ramu inapokaa.

"Ghalani," akasema. "Huwa naiweka juu ya gunia tukipima."
Kilo za wakulima mia mbili na kumi na wawili zimo humo.
Malipo Ijumaa. Mkaguzi anapanda kesho asubuhi.
Leo ni Jumatano, saa tisa,
na mimi nina ganda kwenye ncha ya koleo.

Meno ya ramu yamefubaa.
Nahitaji kifutio cha penseli, kile cheupe, laini;
changu kimechukuliwa na binti yangu, ana mtihani.
Nageuka nimtume kijana dukani,
mama ameshatia mkono kikapuni,
ametoa kimoja, kimelika pembe zote.
Sikumuuliza
mwenye kompyuta anatembea na kifutio cha nini.

Nasugua. Upande huu. Upande huu tena.
Napuliza. Dhahabu inarudi, nyembamba, ya kutosha.
Nachomeka mpaka iitike: tak.
Nabonyeza.

Feni. Pumzi. Pumzi ya pili.
Halafu mwanga wa buluu ukampanda kidevuni, mashavuni,
na saa ya mashine ikasema ni usiku wa manane,
tarehe mosi Januari,
mwaka elfu mbili na kumi na mbili.

Betri ya saa imekufa, nikamweleza,
ile ndogo kama kifungo cha koti. Elfu tatu.
Akaitazama tarehe ile
muda mrefu kuliko alivyoiwazia bei.
"Mwaka huo mibuni yangu ya chini ilikuwa haijang'olewa."
Kisha: "Haya, weka. Ijue leo ni lini."

Orodha ikafunguka, ndefu, salama.
Naye akatoa kikapuni, ndani ya mfuko wa sukari,
daftari kubwa lenye jalada gumu,
akaanza kulinganisha, kidole kwenye kioo, kidole kwenye karatasi:
Nderingo Shao, sitini na nne. Sitini na nne.
Anasuisa Mlay, kumi na tisa na nusu. Na nusu.
Yote kwa penseli. Mistari imenyooka kama miche kitaluni.

Mama, nikasema, kumbe unayo!
Sasa tumbo joto lote hili lilikuwa la nini?

Hakuinua kichwa.
"Mkaguzi haamini penseli.
Anasema inafutika."

Akanyoosha mkono, kiganja juu.
Nilikuwa bado nimeshika kifutio chake.