Da

Karakana ya meli, Kigoma, chini ya stesheni.
Mimi ndiye Da Teo wa stoo: bolti, nati, grisi,
leja ya jalada jekundu, na kalamu niliyoifunga uzi
isije ikasafiri.

Injini kuukuu ililetewa watu wawili.
Volkmar, Mjerumani, masikio yameliwa na kelele za miaka arobaini,
na Sansuma, kijana wa Asam, kule India.
Nikamwita Mhindi. Akasema, niulize lugha kwanza,
nchi baadaye. Mimi ni Mbodo.

Saa ya chai walizitandaza lugha zao kwenye trei ya vipuri.
Volkmar akainua kijiko: huyu mwanamume.
Uma: mwanamke.
Kisu: si huyu, si yule.
Nikamuuliza ni nani aliyewakagua.

Sansuma kwake kijiko ni kijiko.
Kwao shughuli iko kwenye kuhesabu:
watu wanataka *sa* mbele ya namba, *sase, sanwi, satham*,
ng'ombe wanataka *ma*, matunda yanataka *thai*.
Bila hicho kineno, alisema, namba haina pa kushika.
Nilimwelewa hata hajamaliza.
Sisi nasi ukitutajia "-wili" tunakukodolea macho,
wawili? viwili? miwili?
Na Kiha cha mama yangu ni vilevile, tena kwa ukali.

Halafu kitenzi.
Sansuma anakiweka mkiani siku zote:
mimi maji nakunywa, mimi Kigoma nimefika.
Volkmar anakwenda kama sisi, vizuri tu,
mpaka aseme "kwa sababu",
hapo kitenzi kinatoka kwenye foleni
kinakwenda kusimama nyuma ya wote.
Na akikuamuru ushike valvu
unaishika, unangoja,
maana kufunga au kufungua
ni silabi moja, nayo inakuja mwisho.
Nilijifunza kungoja. *Zu*, nafunga. *Auf*, nafungua.
Shule tulilichukua kwao, na hela pia,
haya mawili hatukuyachukua, sijui kwa nini.

Jumatano walijaribu presha.
Sansuma alikuwa amekumbatia bomba la maji ya moto,
kiganja kwenye kiungio, anasikiliza kwa ngozi.
Volkmar, upande wa pili, aliona ufa unatoa jasho.
Akanyoosha kidole, akapiga kelele:

*Da!*

Kwao ni "pale".
Pale, tazama, pale!
Hakusema toa mkono. Hakuwahi kufika huko.

Mimi niligeuka. Nani ananiita?

Na Sansuma akautoa mkono
kama aliyechapwa na mama yake,
kwa sababu Kibodo ukisikia *da*
ni "usi-",
usi nini, hujui bado, kitenzi kiko njiani,
lakini mkono hautaki sentensi nzima.

Bomba likapasuka.
Mvuke ukakaa pale kiganja kilipokuwa,
mweupe, mrefu, ukipiga mluzi.

Ruhomvya, kijana wa grisi, akasema: Dah!
Hiyo ikawa ya nne.

Hatukucheka mpaka jioni.
Volkmar alikuwa bado ameukunjua mkono wake,
kidole kinaonyesha pale, pale,
nikauteremsha mimi, taratibu, kama unavyoshusha bendera.
Sansuma alihesabu vidole vyake kwa sauti.
Sikukisikia kineno alichovihesabia.
Ningependa kujua vidole kwao wako na watu,
au na matunda.

Kabla ya kufunga stoo nikafungua leja.
Bomba, inchi mbili: moja, limeharibika.
Glavu: jozi moja, hazikutumika, nitasema na mtu.
Kisha nikaandika, kwa kalamu ileile ya uzi:
*Da*. Idadi, moja. Imetoka.
Safu ya mwisho inauliza aliyepokea.
Nimeiacha wazi.