Kano

Ndama wa Bihogo alizaliwa amepiga magoti,
kwato za mbele zimekunjwa kama ngumi.
Pale Rwenkobwa majirani wakasema: mwite mchinjaji.
Keinembabazi akaniita mimi.

Nilifika na pikipiki yenye matope hadi kwenye taa,
nikaushika mguu, nikauvuta polepole.
Mfupa mzima. Msuli mzima.
Ni ule uzi mweupe nyuma ya muundi,
uliokaza kabla mwili haujamaliza kurefuka.

Uzi huo nilikuwa nikiufahamu kutoka upande wa pili.
Miaka sita nilimshikia Bariyanga kurunzi buchani,
saa kumi za usiku,
kisu chake kikiteleza pasipotoka damu:
"Nyama haikatwi, kijana. Utando huombwa njia."
Na misuli ikaachana
kama wageni wanaopishana mlangoni.

Wateja walisifu steki.
Ile nyeupe, ile ngumu, ilitupiwa mbwa,
au ilikwenda kwa mama wa mulokoni,
achemshaye miguu usiku kucha
mpaka ukaidi wote ugeuke gundi midomoni.

Sijasikia mtu akitunga sifa za kano.
Lakini msuli hujua kujivuta tu,
mfupa hukaa pale ulipoachwa,
na bila yule wa katikati
ng'ombe mzima ni mzigo wa sokoni.

Basi nikapasua bomba, mabaki ya mradi wa maji,
nikatandika ndani sufi ya godoro,
nikafunga kwa mpira wa baiskeli.
Kila jioni Keinembabazi alifungua, akakanda kwa samli,
akihesabu kwa Kinyankole, akivuta kidogo, akiacha,
kama anayemwamsha mtoto asiyetaka shule.

Siku ya tisa ncha ya kwato iligusa udongo.
Siku ya kumi na moja alisimama,
akaangukia ndoo, akamwaga maziwa ya chai,
akasimama tena,
anatetemeka kama kamba ya nguo upepo ukipita.

Nami nikainuka kwenye kigoda.
Magoti yangu yakalia, kuni mbichi motoni.
Gegedu halina damu; likilika, halirudi.

Keinembabazi alisikia.
Akalitazama bomba lililobaki,
akaitazama miguu yangu.
"Daktari," akasema, "kwako litatosha,
au nikaombe jingine kwa watu wa maji?"